Mgogoro wa Ziwa Nyasa: tukae wawili, tuite mpatanishi, twende The Hague, au tuanze na matumizi?

Kaa kijiweni Kyela mjini, au pale Kasumulu wakati malori yanasubiri kugongewa karatasi, halafu uchokoze mada ya mpaka wetu na Malawi ziwani. Dakika mbili hazipiti utapata kambi mbili. Kambi ya kwanza inasema twende The Hague, kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Haki, tumalizane, tumechoka na danadana. Ya pili inasema Wamalawi ni ndugu zetu, tumeoana nao na tunazikana nao, kwa hiyo wakubwa wakae mezani waelewane kindugu. Wa kwanza hawamwamini jirani hata kidogo, wa pili wanamwamini kupita kiasi, na kila kambi inadhani jibu lake ni la kisheria kumbe ni la moyoni.

Ulinganisho huu ni kwa yeyote anayetaka kuchagua upande akiwa na hoja: mwalimu anayeandaa mdahalo wa shule, diwani atakayebanwa na wapiga kura wa mwaloni, mwanafunzi wa sheria pale Mbeya au Iringa. Kipimo changu ni kimoja. Siulizi ni njia ipi inahitaji kuaminiana zaidi, maana mgogoro uliokaa zaidi ya miaka hamsini hauna akiba ya imani ya kuanzia. Nauliza hivi: siku upande mmoja ukidanganya, nani atagundua, baada ya muda gani, na aliyedanganywa atakuwa ameshapoteza nini?

Kabla ya kuendelea, tutenganishe siri na uongo. Mjumbe anayeficha kiwango cha mwisho anachoweza kukubali hajamdanganya mtu. Hiyo ndiyo kazi aliyotumwa. Uongo unaoua mapatano ni wa sura tatu. Kuna kuahidi kitu usichokusudia kutekeleza. Kuna kutumia mazungumzo kununua muda huku ukibadilisha hali halisi kule mpakani. Na kuna kauli mbili, moja ya mezani na nyingine ya mkutano wa hadhara ukirudi nyumbani. Kila sura ina dawa yake, na ndiyo maana njia nne nitakazozitaja hazishindani moja kwa moja.

Ziwa lenyewe, kwa kifupi

Mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa Julai 1, 1890 ulipitisha mpaka kwenye ufukwe wa mashariki, kaskazini na magharibi mwa ziwa, hadi ukingo wa kaskazini wa mdomo wa Mto Songwe. Malawi inayasoma maneno hayo yalivyo: maji ni yake mpaka mchangani, na mtoto anayeoga Matema ameshavuka mpaka bila pasipoti. Tanzania inasema mpaka upite katikati ya maji kama ilivyo desturi kwenye maziwa mengi yanayogawana nchi, na inakumbusha kwamba ibara ya 6 ya mkataba huohuo iliruhusu mistari irekebishwe kwa makubaliano, kulingana na mahitaji ya wenyeji. Malawi hujibu kwa azimio la Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) la Cairo la mwaka 1964, kwamba mipaka iliyokuwepo siku ya uhuru iheshimiwe. Azimio hilo Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuwa mstari wa mbele kulisukuma, jambo ambalo kijiweni huwa hatupendi kulikumbuka.

Msumbiji walishamaliza la kwao. Mwaka 1954 Uingereza na Ureno zilikubaliana mstari wa katikati ya ziwa, huku visiwa vya Likoma na Chizumulu vikibaki upande wa Malawi ingawa vimezungukwa na maji ya Msumbiji. Watanzania hupenda kulitaja hili kama ushahidi kwamba mstari wa katikati unawezekana. Ni kweli unawezekana, ila ulipatikana kwa makubaliano, na kwenye makubaliano yale mtu alipewa visiwa.

Mwaka 1967 Tanzania iliiandikia Malawi rasmi kuhusu jambo hili. Rais Kamuzu Banda wa Malawi akakataa, na mwaka uliofuata akafika hadi kudai maeneo ya nchi kavu kaskazini mwa Songwe. Baadaye likalala. Liliamshwa mwaka 2011 Malawi ilipoipa kampuni ya Surestream kibali cha kutafuta mafuta ziwani. Mwaka 2012 Tanzania ikataka shughuli zisimame mpaka suala la mpaka liishe. Hapo ndipo njia hizi nne zilipoacha kuwa nadharia.

Wawili peke yao mezani

Ni njia ya bei nafuu. Hakuna wa tatu wa kulipwa wala wa kulaumiwa, viongozi wakielewana jambo linaisha kwa siku chache, na heshima ya kila mmoja inalindwa. Kambi ya undugu inaipenda kwa sababu hiyo.

Tatizo lake linaonekana vizuri kwa Ethiopia na Eritrea. Julai 2018 Waziri Mkuu wa Ethiopia, Abiy Ahmed, alitua Asmara, mji mkuu wa Eritrea, akakumbatiana na Rais Isaias Afwerki, wakatia saini tamko la kumaliza hali ya vita. Septemba vivuko vikafunguliwa. Watu waliotenganishwa kwa miaka 20 wakalia mabegani mwa ndugu zao barabarani. Miezi michache baadaye vivuko vikaanza kufungwa kimoja kimoja, na kufikia nusu ya kwanza ya mwaka 2019 vilikuwa vimefungwa vyote. Nani alivunja? Huwezi kusema, kwa sababu tamko halikuwa na ratiba, halikuwa na kamati ya kukagua, wala mtu wa kupelekewa malalamiko. Kila kitu kilikaa vifuani mwa watu wawili. Mmoja wao alipewa Nobel mwaka uliofuata. Mawe ya mpaka hayakusimikwa.

Mapatano ya Oslo ya 1993 kati ya Waisraeli na Wapalestina ni kubwa zaidi lakini ugonjwa ni uleule. Mazungumzo yalifanyika kwa siri Norway, na kwa kweli bila siri ile yasingefika popote. Wakatambuana kwa barua Septemba 9, wakasaini Washington siku nne baadaye. Mambo mazito, yaani Jerusalem, wakimbizi, makazi ya walowezi na mipaka, yakaahirishwa kwa matumaini kwamba imani ingekua njiani. Waraka haukuwa na kifungu cha kusimamisha ujenzi wa makazi, na hapakuwa na wa tatu mwenye mamlaka ya kutamka nani kavunja nini. Makazi yakaendelea kujengwa, mashambulizi yakaendelea, Waziri Mkuu wa Israeli, Rabin, akauawa Novemba 1995 na Mwisraeli mwenzake, na kila upande ukabaki na orodha yake ya usaliti wa mwingine. Imani haikukua. Iliwekewa mzigo wa kazi ambayo ingepaswa kufanywa na vifungu.

Sisi pia tulijaribu. Agosti 2012 wajumbe wa Tanzania na Malawi walikutana Mzuzu, wakatoka bila mwafaka. Oktoba Malawi ikasimamisha mazungumzo, ikilalamikia ramani mpya ya Tanzania na kusema wavuvi wake wanasumbuliwa ziwani. Upande wetu ramani ilionekana jambo la kawaida la serikali. Upande wao ilikuwa sawa na mtu anayehamisha bikoni usiku huku asubuhi anakuja kikaoni na salamu nzuri. Sisemi walikuwa sahihi. Nasema mezani hapakuwa na utaratibu wa kuuliza swali hilo kabla halijawa tusi.

Kwa hiyo wawili peke yao ni njia nzuri kwa mambo madogo yanayojirudia: mvuvi aliyepotea na upepo, nyavu zilizokamatwa, ng'ombe aliyevuka mto. Vikao vya ujirani mwema kati ya viongozi wa wilaya za pande mbili hufanya kazi hiyo vizuri kwa sababu watakutana tena mwezi ujao, na anayedanganya leo atahitaji msaada kesho. Kwa mstari wa mpaka, hapana.

Kumwita mpatanishi

Hapa nitakaa zaidi, maana ndipo wengi wanapochanganya mambo. "Mpatanishi" si kazi moja. Kuna mpatanishi anayebeba maneno, kuna anayeandika rasimu, na kuna anayebaki baada ya saini ili kuhesabu askari. Ukiniuliza, wa mwisho ndiye wa maana.

Mfano bora ni Camp David, Septemba 1978. Jimmy Carter aliwafungia Anwar Sadat wa Misri na Menachem Begin wa Israeli kwenye kambi ya milimani huko Maryland kwa siku 13. Siku za mwanzo aliwakutanisha, wakafokeana, akaona haifai. Kuanzia hapo wao wawili karibu hawakukaa tena kujadiliana ana kwa ana. Wamarekani waliandika rasimu moja, wakaipeleka nyumba hadi nyumba, wakarekebisha, wakarudi, zaidi ya mara 20. Kila upande ulikosoa karatasi ya Mmarekani badala ya kumkosoa adui, kwa hiyo hakuna aliyelazimika kumwamini mwenzake. Walilazimika tu kuamini kwamba karatasi waliyoonyeshwa ni ileile aliyoonyeshwa jirani.

Angalia sasa matokeo mawili ya chumba kilekile. La kwanza ni rasi ya Sinai, eneo la Misri lililokuwa mikononi mwa Israeli. Mkataba wa amani wa Machi 1979 uliweka ratiba ya Israeli kuondoka kwa awamu, ukaigawa rasi kwenye kanda zenye kikomo cha askari na silaha, na ukaweka waangalizi wa kuhakiki. Aprili 25, 1982 Israeli ilikamilisha kuondoka, na siku hiyohiyo kikosi cha kimataifa cha waangalizi kikaanza kazi. Sadat alikuwa ameshauawa, Oktoba 1981. Mkataba haukutikisika, kwa sababu haukutegemea uhai wake wala moyo wa Begin.

La pili ni makazi ya walowezi wa Israeli kwenye Ukingo wa Magharibi. Usiku wa mwisho mwisho Carter alielewa kwamba Begin ameahidi kusimamisha makazi mapya kwa muda wote wa mazungumzo ya utawala wa ndani wa Wapalestina. Barua ya Begin ilipofika ilisema miezi mitatu. Carter alishikilia mpaka mwisho kwamba alikuwa ameahidiwa zaidi. Begin alishikilia kwamba hakuahidi zaidi ya hiyo. Inawezekana mmoja alidanganya, inawezekana walichoka wakasikia kila mtu alichotaka kusikia usiku ule. Haijalishi. Chumba kilikuwa kimoja, watu walewale, wiki ileile: kilichokuwa na tarehe, kanda na wakaguzi kilisimama, kilichobaki kwenye maneno kilianguka kabla wino haujakauka.

Sasa rudi kwetu. Desemba 2012 Tanzania na Malawi zilipeleka suala la ziwa kwa jukwaa la marais wastaafu wa Afrika chini ya Joaquim Chissano wa Msumbiji, pamoja na Thabo Mbeki wa Afrika Kusini na Festus Mogae wa Botswana. Heshima yao haina shaka. Lakini mwanzoni mwa mwaka 2013 Rais Joyce Banda alisema nyaraka za Malawi zilikuwa zimevuja kwenda Tanzania kabla ya wakati, na kwamba nchi yake haina imani tena na utaratibu ule. Akaanza kutaja The Hague. Ukweli wa madai yale uwekwe pembeni. Funzo ni kwamba mpatanishi aliyepewa kazi ya kupokea bahasha za pande mbili hutegemea kabati lenye kufuli kuliko anavyotegemea hekima ya wazee. Tuhuma moja ya kuvuja ilitosha. Na hapakuwa na kanuni iliyokubaliwa mapema kuhusu nini kifanyike tuhuma kama hiyo ikitokea: nani achunguze, kwa siku ngapi, na je, bahasha zote mbili zifunguliwe kwa pamoja ili mchezo uwe sawa.

Tofauti nyingine haipendezi kuisema lakini ipo. Carter alikuwa na fedha, silaha na ndege za upelelezi za kuweka mezani. Alipotoa ahadi ya kuangalia jangwa, aliliangalia kweli. Marais wastaafu walikuwa na heshima yao tu. Heshima humfanya mtu aje kikaoni. Haimhesabii mwenzake boti za doria.

Kuna njia ya kati, ambayo sisi hatujaijaribu. Argentina na Chile zilifika ukingoni mwa vita Desemba 1978 kwa ajili ya visiwa vya Mfereji wa Beagle, baada ya Argentina kuikataa hukumu ya usuluhishi iliyotolewa mwaka mmoja nyuma. Papa Yohane Paulo wa Pili akamtuma Kardinali Antonio Samorè. Ilichukua hadi Novemba 1984 kupata mkataba. Vatikani haina jeshi la kuhesabu chochote, ila ilianza kwa kuwatia saini ahadi ya kurudisha hali ya kijeshi ilivyokuwa mwanzoni mwa 1977, jambo ambalo kila upande ungeweza kulikagua kwa macho yake mwenyewe. Kwa maoni yangu huyu ndiye mpatanishi anayefanana zaidi na uwezo wetu: maskini wa silaha, lakini anayedai kitu kinachoonekana kabla ya kuanza kuongea.

Mahakama au usuluhishi wa kisheria

Kambi ya The Hague ina hoja nzito. Mahakamani uongo una gharama: kila ramani inabandikwa, kila barua inasomwa, na wakili wa upande wa pili analipwa ili akukamate. Kamerun ilipoishitaki Nijeria mwaka 1994 kuhusu rasi ya Bakassi, moja ya karatasi muhimu ilikuwa tamko la Maroua la Juni 1975, lililosainiwa na Yakubu Gowon wa Nijeria na Ahmadou Ahidjo wa Kamerun. Gowon alipinduliwa mwezi uliofuata, na waliomfuata wakasema saini yake haikuthibitishwa hivyo haiwafungi. Oktoba 10, 2002 mahakama ilisema inawafunga. Kwa lugha ya mtaani: rais akisaini, nchi imesaini, usije baadaye kusema yule hakututuma.

Taba ni mfano mdogo lakini ninaupenda zaidi. Baada ya Israeli kuondoka Sinai, ilibaki sehemu ya kama kilomita moja ya mraba ufukweni, yenye hoteli mpya ndani yake, na ubishi ulikuwa bikoni fulani za mwaka 1906 zilisimama wapi hasa. Hawakukubaliana. Lakini mkataba wao wa 1979 ulishasema ubishi usioisha kwa mazungumzo uende kwenye upatanishi wa kisheria au usuluhishi, kwa hiyo hakuna aliyeweza kusema hakuna pa kwenda, na mwaka 1986 wakasaini makubaliano ya kwenda kwa wasuluhishi. Watu watano walikaa Geneva, wakapitia ramani na picha za zamani bikoni kwa bikoni, na Septemba 1988 wakaipa Misri ushindi kwenye bikoni ya mwisho iliyoamua hatima ya Taba. Machi 1989 Israeli ikakabidhi. Nchi zilizopigana vita vinne ziliachiana hoteli ya kitalii kwa sababu ya picha za jiwe.

Sasa upande wa pili wa hoja. Ethiopia na Eritrea, baada ya vita vya 1998 hadi 2000 vilivyoua makumi ya maelfu, zilisaini mkataba mjini Algiers kwamba uamuzi wa tume ya mpaka utakuwa wa mwisho na utawafunga wote. Aprili 2002 tume ikatoa uamuzi, na Badme, kijiji kilichowasha vita, kikaangukia Eritrea. Ethiopia ikasita, mwaka 2004 ikasema inakubali uamuzi "kimsingi", ikataka majadiliano zaidi, na askari wake wakabaki. Kusita kule na neno lile "kimsingi" vilinunua miaka 16. Tume ilichoka, mwaka 2007 ikachora mpaka kwenye karatasi kwa vipimo vya ramani bila jiwe hata moja kusimikwa, ikafunga ofisi.

Kwa nini Bakassi ilikabidhiwa na Badme haikukabidhiwa? Majaji hawakutofautiana sana kwa uzito. Bakassi ilifuatiwa na makubaliano ya Greentree ya Juni 2006, yenye siku za kuondoka zilizohesabiwa, kamati ya ufuatiliaji, utaratibu maalumu wa mpito kwa wakazi, na nchi nne kubwa zilizosaini kama mashahidi pamoja na Umoja wa Mataifa. Ukanda wa Aouzou, uliogombaniwa na Chad na Libya, ni hivyohivyo: mahakama iliipa Chad mwezi Februari 1994, Libya na Chad zikakubaliana tarehe ya kuondoka mwezi Aprili, waangalizi wa Umoja wa Mataifa wakaenda kushuhudia, na mwisho wa Mei Libya ilikuwa imetoka. Hukumu peke yake haibebi mtu. Inayobeba ni ratiba iliyofungwa kwenye hukumu.

Watu wa Iringa hawahitaji mfano wa Badme kulielewa hili. Mkataba wa Versailles wa 1919, ibara ya 246, uliitaka Ujerumani ikabidhi fuvu la Mkwawa, chifu wa Wahehe, kwa serikali ya Uingereza ndani ya miezi sita. Liliwafikia Wahehe mwaka 1954, baada ya Gavana Twining kwenda kulichagua kati ya mafuvu mengi kwenye jumba la makumbusho la Bremen kwa kulinganisha vipimo, na hadi leo wapo wanaotilia shaka kama lililoko Kalenga ndilo. Ahadi ilikuwa na tarehe lakini haikuwa na mkaguzi, na hapakuwa na mtu aliyeandika mwanzoni fuvu litatambuliwaje.

Kwa Ziwa Nyasa The Hague ina ugumu mwingine: ni kamari ya yote au sifuri. Mkataba wa 1890 umeandikwa kama ulivyoandikwa, na mtu anayekuambia Tanzania itashinda asubuhi na mapema hajausoma. Malawi nayo ina cha kuogopa, maana matumizi ya miaka yote ya wakazi wa Kyela, Ludewa na Nyasa si kitu cha kupuuzwa na jaji. Isitoshe, tukishindwa kabisa, serikali gani itasimama Mbamba Bay kuwaambia wavuvi wa usipa waombe kibali Lilongwe?

Kuanza na matumizi, mstari baadaye

Njia hii wengi kijiweni hawaihesabu kama njia, wakati ndiyo pekee inayofanya kazi kilomita chache kutoka walipokaa. Mto Songwe ndio mpaka wetu na Malawi kabla haujaingia ziwani, na una tabia ya kuhama: mvua kubwa ikija unakata kona, mkulima wa mpunga anaamka shamba lake liko ng'ambo. Badala ya kugombania kila kona, nchi hizi mbili zilianzisha mpango wa pamoja wa bonde la Songwe, na mwaka 2017 zikasaini mkataba wa kuunda kamisheni ya pamoja, yenye makao yake Kyela. Serikali zilezile zilizoshindwa kuongea kuhusu ziwa zinapanga pamoja kingo, maji na mabwawa ya mto unaoingia kwenye ziwa hilohilo.

Inawezekana kwa sababu mto ukidanganywa unasema. Ukiongeza maji ya umwagiliaji kwa siri, kipimo cha chini kinashuka na mwenzako anasoma namba ileile unayosoma wewe. Uongo unagunduliwa ndani ya wiki, na hasara yake ni ya msimu mmoja.

Peru na Ecuador walikwenda mbali zaidi. Baada ya vita vya Cenepa mwaka 1995, waangalizi wa kijeshi wa nchi nne wadhamini walikaa msituni kuwatenganisha, na Oktoba 1998 wakafikia suluhu: mstari ulifuata kwa sehemu kubwa madai ya Peru, lakini Ecuador ikapewa kilomita moja ya mraba pale Tiwinza, waliposimama na kufa askari wake, kama mali binafsi ndani ya Peru. Mwenye nchi ni Peru. Mwenye kiwanja ni Ecuador. Mtu anayedhani umiliki na mamlaka ni kitu kimoja hawezi kupata suluhu ya namna hii.

Hatari ya kuahirisha mstari ni kwamba kuahirisha kwenyewe kunaweza kuwa ndio udanganyifu. Sahara Magharibi iliahidiwa kura ya maoni wakati silaha zilipowekwa chini Septemba 1991. Ubishi wa nani aandikishwe kupiga kura haukuisha, kura haikupigwa, aliyeshika ardhi, yaani Moroko, akaendelea kuishika, na Novemba 2020 mapigano yakarudi. Kwa hiyo matumizi ya pamoja bila tarehe ya kurudi kwenye mstari ni zawadi kwa yule anayefaidika na hali ilivyo. Ziwani huyo ni nani? Majini leo kila mtu anavua kwake na meli yetu ya MV Mbeya II inapita pwani yetu, kwa hiyo tunaweza kusema ni sisi. Siku mtambo wa kuchimba mafuta ukitia nanga, atakuwa mwingine.

Ungechagua ipi?

Kama hofu yako kubwa ni ahadi hewa, chagua mpatanishi, ila uliza kwanza nani atakaa ziwani baada ya saini na kwa fedha za nani. Jibu likiwa "tutategemea nia njema", ni Asmara ya 2018 hiyo.

Kama hofu yako ni kauli mbili, yaani kiongozi anayekubali mezani na kukana jukwaani, mahakama ndiyo dawa yake, maana pale maneno ya rais yanaandikwa na kusomewa wanaomfuata. Lakini usikubali kwenda bila kusaini kabla ya hukumu namna ya kutekeleza: siku ngapi, waangalizi wepi, na wavuvi wa upande utakaoshindwa watavua kwa utaratibu gani kwa miaka mingapi. Baada ya hukumu mshindi hana sababu ya kukubali hayo.

Kama hofu yako ni kuchelewesha kwa makusudi, wawili peke yao mezani ni chaguo baya kuliko yote, hata wakiwa ndugu. Hasa wakiwa ndugu, kwa sababu hakuna atakayetaka kuonekana anamharakisha mwenzake.

Chaguo langu mimi ni kuanzia Songwe. Kamisheni iliyopo iongezewe kazi ya ziwa kwa mambo yanayopimika: usajili wa boti, misimu ya kuvua, uokoaji, taarifa za doria zinazosomwa na pande zote siku hiyohiyo. Juu yake yawekwe makubaliano mafupi yenye vitu viwili tu: hakuna kibali kipya cha mafuta wala gesi kwenye maji yenye ubishi, na baada ya muda utakaotajwa kwa tarehe, swali la mstari linakwenda kwa wasuluhishi bila upande wowote kuhitaji ruhusa ya mwingine. Kambi ya undugu itapata vikao vyake, kambi ya The Hague itapata jaji wake, na hakuna atakayelazimika kumwamini mtu kuliko anavyoweza kumkagua.

Kitu kimoja kingenifanya nibadili mawazo. Upande wowote ukianza kutoboa chini ya ziwa kabla ya makubaliano hayo kusainiwa, njia ya matumizi imekufa, na kilichobaki ni kukimbilia kwa jaji kuomba azuie. Lakini kesi ya namna hii haiendi The Hague mpaka Dodoma na Lilongwe zote zikubali, na yule anayechimba hatakubali. Ridhaa hiyo inapatikana sasa, wakati hakuna mtambo ziwani na hakuna anayejua kama mafuta yapo.